Hewa Kwanza, Samaki Baadaye: Mada kwa Vijana wa Malindi, Lushoto

Makamanda, salamu za chama zimeshatolewa na mwenyekiti, sirudii. Mimi nimepewa dakika ishirini za akwaponiki, yaani kufuga samaki na kulima mboga kwa maji yaleyale. Tangi la samaki chini, kitanda cha kokoto juu, pampu inapandisha maji, mboga zinakula uchafu wa samaki, maji yanarudi yakiwa safi. Nafahamu kuna vikundi hapa vinaandika andiko kwa ajili ya ile asilimia 10 ya halmashauri. Andikeni. Nne ni za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu, hazina riba, na sheria haiulizi kadi ya chama. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi 2024, na vijana wetu wengi bado wanaiogopa kana kwamba ni ya wenzetu wa upande ule.

Ila riba sifuri haimaanishi deni sifuri. Samaki wakifa, marejesho yako palepale. Ndiyo maana leo sizungumzii chakula cha samaki wala soko. Mboga hapa hakuna wa kutufundisha, kabichi na karoti zetu zinaliwa Dar es Salaam miaka yote. Nazungumzia hewa. Kwenye maandiko niliyoonyeshwa kuna simtanki, vifaranga, chakula, mpaka fulana za kikundi. Hewa hakuna.

Tupige hesabu, hesabu ndogo tu. Kitabu cha FAO cha 2014 kuhusu akwaponiki ndogo kinashauri kilo 10 hadi 20 za samaki kwa lita 1,000. Chukua hizo 20. Kilo moja ya perege aliyeshiba kwenye maji ya vuguvugu huweza kutumia miligramu kama 300 za oksijeni kwa saa. Kilo ishirini ni gramu sita kwa saa. Sasa tangi lako zima la lita 1,000, likiwa na miligramu 7 kwa lita, lina gramu saba tu. Perege anataka zisishuke chini ya tano ili akue vizuri, zikifika tatu kwenda chini anahangaika. Kwa hiyo umeme ukikatika na hakuna kitu kinachovuruga maji, ndani ya dakika arobaini hivi uko kwenye hatari. Sio kesho asubuhi. Dakika arobaini.

Na hao samaki hawako peke yao. Kwenye kokoto kuna bakteria wanaogeuza amonia ya samaki kuwa naitreti, ambayo ndiyo mbolea ya mboga. Kila gramu moja ya naitrojeni ya amonia inawadai gramu nne na nusu za oksijeni. Mizizi nayo inapumua. Chakula kilichobaki chini kinaoza, kinakula hewa. Ndiyo maana wanaofuga kambale wanadanganyika: kambale ana uwezo wa kuvuta hewa ya juu, anaishi kwenye maji yaliyochoka, unamwona mzima unasema mambo safi. Kumbe bakteria wameshakufa, amonia inapanda, mboga zinageuka njano, halafu unakwenda kununua mbolea ya dukani uweke kwenye mradi usiohitaji mbolea.

Kuna kamanda ameniuliza kabla hatujaanza: sisi tuko mlimani kwenye baridi, maji baridi si yanashika hewa nyingi? Kweli yanashika. Ila mlima wenyewe unakunyang'anya, kwa sababu ukipanda juu mgandamizo wa hewa unapungua. Mahali penye mwinuko wa mita 1,600, maji ya nyuzi 18 yakijaa oksijeni kabisa yanabeba takriban miligramu 7.8 kwa lita. Nenda Malindi ile nyingine, ya Kenya, ufukweni kabisa, maji ya nyuzi 28: ni 7.8 vilevile. Malindi mbili, hewa moja! Faida yetu ni kwamba kwenye baridi samaki anapumua taratibu. Hasara ni kwamba hakui. Perege anapenda nyuzi 25 hadi 30, na Juni na Julai hapa mnazijua wenyewe. Ukimwekea kitalu nyumba apate joto, sawa, atakula na kukua, lakini hapo hapo maji yanapunguza hewa na yeye anaongeza matumizi. Joto na pampu ya hewa vinaingia pamoja kwenye andiko, au vyote viwili visiingie.

Saa mbaya kuliko zote ni alfajiri. Tangi likipigwa na jua linaota ukijani. Mchana ule ukijani unatoa oksijeni, ukipima saa sita unakuta mambo mazuri ajabu. Usiku unageuka mlaji kama wengine, na kuanzia saa kumi usiku mpaka jua linachomoza ndiko hewa inakofika chini kabisa. Sasa nyie mmeshaona mgeni rasmi gani anakuja saa kumi usiku? Miradi ya vijana inazinduliwa saa sita mchana na kufa alfajiri, halafu ripoti inasema vijana hawana uthubutu. Funikeni tangi lisipate jua, na atakayepewa zamu ya kukagua aende kabla ya adhana ya alfajiri. Akikuta samaki wako juu wanafungua midomo, au wamejikusanya pale maji yanapodondokea, hiyo ni hewa. Siku hiyo wasipewe chakula.

Vifaa. Kwa lita 1,000, pampu ya maji yenye nguvu ya lita 2,000 kwa saa, mawe ya hewa mawili kwenye tangi la samaki na moja kwenye chujio la bakteria. Maji yanayorudi kutoka kitandani yasiteremke kimyakimya kwa bomba lililozama. Yaache yadondoke, yapige kelele. Kelele ile ni hewa ya bure.

Kisha umeme. Hakuna aliyesahau mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024. Bwawa la Nyerere la megawati 2,115 likaanza kuzalisha Februari 2024, ni jambo jema na tulisema hivyo. Lakini samaki hapumui megawati za Rufiji, anapumua umeme uliofika kwenye nguzo ya kwako, na nguzo ya Usambara inaangukiwa na mti kila mvua ikikaza. Chama kidai ratiba ya kukata umeme itangazwe mapema, na kidai afisa uvuvi anayefika vijijini. Hilo ni letu kulibeba kwenye mikutano. Betri ni ya kikundi. Pampu ya hewa ya wati 10 inayotumia volti 12 moja kwa moja, kwenye betri ya ampea-saa 50, ukitumia nusu ya chaji tu ili betri isife mapema, inakwenda saa 30. Betri ndogo ya bodaboda, ya ampea-saa 7, inakupa saa nne. Ni saa nne za kuamka na kutafuta ndoo. Ndoo ni kuchota maji ya tangi na kuyamwaga tena kutoka juu, kwa zamu, mpaka umeme urudi. Inachosha, ila inafanya kazi.

Wenye shamba chini ya mfereji wana bahati zaidi: bomba kutoka juu, koki, maji yanashuka kwa mlima wenyewe bila umeme. Ongeeni kwanza na kamati ya maji, maana maji ya mfereji yana wenyewe na zamu zake. Na mfungue wakati wa dharura tu. Ukiyaacha yapite siku nzima, mbolea ya mboga inakwenda kwa jirani.

Kuna kifaa kimoja cha mwisho ambacho hakina gharama, kinaitwa venturi. Bomba linaloingiza maji tangini unalibana kidogo mdomoni, unatoboa kitundu pale palipobanwa, unachomeka mrija mwembamba ambao ncha yake ya pili iko juu ya maji. Maji yakipita kwa kasi yanavuta hewa kupitia mrija, yanatoka na mapovu. Kueleza ni kugumu kuliko kutengeneza. Haya, nani alikuja na lile bomba la nusu inchi? Na msumari. Wekeni pampu kwenye hiyo beseni tutoboe.