Kisu Butu Jikoni

(Mazungumzo ya asubuhi yaliyotolewa redioni)

Asubuhi hii tungependa kuzungumza nanyi juu ya chombo kilicho katika kila nyumba, nacho ni kisu cha jikoni. Hasa tunakusudia kile kisu butu, ambacho mama hukisukuma kwa nguvu za mkono mzima ili kikate nyanya, na nyanya yenyewe hubonyea, ikatoa maji yake yote, isikatike.

Labda mmoja wenu atasema, "Mchungaji leo amekosa la kusema." Hapana, ndugu. Mhubiri hakuona haya kutaja chuma butu katika sura yake ya 10, mstari wa 10. Anatufahamisha kwamba mtu anayeacha chombo chake bila kukinoa atalipa kwa jasho. Nasi tunapenda kuuliza swali moja zaidi: ni jasho la nani? Katika nyumba nyingi mwenye nyumba siye anayekata. Anayekata ni mama, au binti, au yule msichana anayesaidia kazi za nyumbani, naye hukata sukuma wiki ya watu saba kila jioni. Tuna methali isemayo kwamba mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Lakini kwetu wako walaji wengi wa nyama ambao tangu waoe hawajauliza kile kisu kina hali gani.

Tena kisu butu kina hatari. Wengi hudhani kwamba kisu kikali ndicho kinachokata vidole. Kisu kikali kinastahili heshima, ni kweli. Lakini hukata pale unapokiweka. Kisu butu huteleza juu ya ganda la kitunguu, na kwa kuwa umekisukuma kwa nguvu, hushuka kwa nguvu zile zile juu ya kidole. Na yule kuku anayechinjwa kwa ajili ya mgeni, je? Sisi wachungaji tunayo haki ya kulisema hili, maana kuku wengi wamekufa kwa sababu yetu. Kuku huyo amestahili angalau kisu kinachomaliza kazi mara moja.

Basi watu hufanyaje? Wengine hukwaruza kisu kwenye kizingiti cha saruji. Wengine hukisugua juu ya duara lile lisilong'aa chini ya kikombe cha udongo, na hiyo kwa kweli si mbaya. Wengine husuguanisha visu viwili, kelele ikasikika hadi kwa jirani. Na wengine humngoja fundi anayepita mtaani na baiskeli yake. Huinua gurudumu la nyuma, akakanyaga pedali, na jiwe la mviringo likazunguka huku cheche zikiruka. Fundi mzuri ni baraka kwa mtaa. Lakini jiwe kavu linalozunguka kwa kasi hula chuma kingi, na mkono ukikawia mahali pamoja, makali hupata moto mpaka yakageuka rangi ya samawati. Chuma kilichofikia hapo kimepoteza ugumu wake, na makali yake hayatakaa.

Tena kuna jambo la kumtegemea mtu mwingine kwa kila kitu. Mtakumbuka habari ya 1 Samweli sura ya 13. Wafilisti walihakikisha kwamba hapakuwa na mhunzi katika nchi yote ya Israeli, hata mkulima aliyetaka kunoa jembe lake au shoka lake alilazimika kuteremka kwa adui zake. Na alilipa. Katika habari hiyo kuna neno moja la Kiebrania, "pim", ambalo kwa karne nyingi halikufahamika. Wale waliotafsiri Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 walikisia kwamba ni tupa. Baadaye wachimbaji wa mambo ya kale walipata vijiwe vya mizani vilivyoandikwa neno hilo hilo, vingi vyao vikiwa na uzito wa kati ya gramu 7 na 8. Kumbe lilikuwa neno la malipo! Ilikuwa theluthi mbili za shekeli ya fedha kwa kunoa jembe moja. Hatumlinganishi fundi wetu wa baiskeli na Wafilisti, la hasha. Tunasema tu kwamba nyumba isiyoweza kunoa kisu chake yenyewe imekosa uhuru mdogo ambao ingeweza kuupata.

Na sababu ya kuukosa si uvivu peke yake. Wengi wamejaribu. Wamenunua jiwe la dukani, lile la kijivu lenye pande mbili, upande mmoja wa kukwaruza na mwingine laini. Ni jiwe zuri. Mengi ya mawe hayo hutengenezwa kwa kaborandamu, kitu kigumu ambacho Mmarekani Edward Acheson alikipata mwaka 1891 alipokuwa akitafuta namna ya kutengeneza almasi. Mtu husugua nusu saa na jiwe hilo, halafu kisu ni kile kile. Husema, "Jiwe hili ni bandia," au, "Kisu hiki ni cha bei rahisi." Mara nyingi kosa si la jiwe wala la kisu. Kilichokosekana ni pembe.

Hebu tueleze. Ukikilaza kisu bapa juu ya jiwe, hakuna pembe. Ukikisimamisha wima, pembe ni digrii 90. Kisu cha kawaida cha jikoni hutaka karibu digrii 20 kila upande. Visu vyembamba vya Kijapani hutaka karibu 15. Panga na shoka hutaka 25 hadi 30, kwa kuwa hugonga, na makali membamba mno yangepinda au yangemeguka. Sasa mkono wa mtu ambaye hajazoea huanza na 20, safari ya pili ukawa 25, ya tatu 15, na karibu na ncha ukawa kitu kingine kabisa. Kila safari inabomoa iliyojengwa na safari iliyotangulia. Mwishowe makali huwa ya mviringo kama mgongo wa kijiko. Nguvu haziponyi neno hili. Mwenye nguvu nyingi huharibu upesi zaidi.

Ndiyo sababu watu wametengeneza vifaa vinavyoishika pembe kwa niaba ya mkono. Kimoja kinachojulikana sana ni kile cha Lansky, cha Marekani. Kuna kibanio kinachoushika mgongo wa kisu kwa skrubu. Juu ya kibanio hicho kuna vitundu vilivyoandikwa namba: 17, 20, 25 na 30. Jiwe dogo limefungwa kwenye ufito wa chuma, na ufito huo hupitishwa katika kitundu ulichokichagua. Ukiisha kuupitisha, jiwe haliwezi kuyafikia makali ila kwa mteremko ule ule, uwe umechoka, uwe una haraka, uwe unazungumza na watoto. Sisi tumezoea jiwe likae na kisu kitembee; hapa kisu hukaa na jiwe ndilo litembealo.

Kuna kifaa cha namna nyingine pia, chenye vifito viwili vya kauri vilivyosimama katika kitako, vimeachana kwa juu kama vidole viwili. Wewe unakishika kisu wima na kukiteremsha ukikivuta kwako. Uzuri wake ni kwamba jicho la binadamu hulitambua wima upesi, lakini digrii 20 hailijui.

Lakini mzee mmoja atauliza, "Mbona baba zetu walinoa bila makorokoro hayo?" Ni kweli, walinoa, na walinoa vizuri. Lakini walijifunza miaka mingi wakiwa wameketi kando ya mtu ambaye mkono wake ulikuwa umekwisha kujua. Leo nyumba nyingi, za mjini hasa, hazina mtu huyo. Kifaa hiki kinakaa mahali pake. Wala si aibu. Mwashi aliyejenga kwa miaka 30 bado huteremsha timazi kila anapopandisha ukuta, na hakuna anayemcheka. Tungemwogopa kama asingeiteremsha! Hata nabii Amosi, alipoonyeshwa jinsi taifa lake litakavyopimwa, alionyeshwa timazi, si macho ya fundi.

Sasa tuseme umekipata kifaa hicho, au mmekichangia jirani wanne, jambo ambalo tungelipendelea, maana hakuna nyumba inayokihitaji kila siku. Kwanza osha kisu na kukikausha. Ukitaka kibanio kisiache alama, funika mgongo kwa utepe wa kunata. Kisha chukua ile kalamu nene ya wino inayotumika kuandikia makatoni, upake wino kwenye makali, pande zote mbili. Pitisha jiwe mara mbili tatu, halafu tazama. Wino ukifutika mpaka ukingoni kabisa, pembe ni sawa. Ukifutika juu tu, na ukingo ukabaki mweusi, jiwe halijafika makalini. Chagua namba kubwa zaidi. Ukifutika ukingoni tu, namba yako ni kubwa kuliko ile ya kisu. Kalamu hiyo huonyesha papo hapo jambo ambalo wengi hawaligundui mpaka wamekwisha kuchoka.

Mawe yana namba kama karatasi ya msasa. Katika kifaa tulichokitaja huwa ni 70, 120, 280, 600 na 1000. Namba ndogo hula sana, namba kubwa hulainisha. Kisu kilichokuwa butu miaka mingi uanze nacho kwa 120. Hiyo 70 uiachie kisu kilichomeguka. Tumia mafuta au maji kama maelezo ya mawe yako yanavyosema. Sugua upande mmoja bila kuugeuza, toka shinani hadi nchani, mpaka upande wa pili uhisi kijiukingo chembamba cha chuma kilichojikunja. Ili kukihisi, pitisha kidole gumba toka mgongoni kuelekea nje, kukatiza makali. Usikipitishe kamwe kwa urefu wa makali. Na hapa, ndugu, tunawasihi muwe na subira, maana ndipo wengi wanapoiacha kazi. Huhisi ule mkunjo katikati ya kisu, wakafurahi, wakahamia jiwe laini, kumbe karibu na ncha haujatokea. Pale ambapo mkunjo haujatokea, jiwe halijafika ukingoni. Na kama jiwe la 120 halikufika, la 1000 litang'arisha tu ubutu.

Ukiisha kuupata mkunjo kwa urefu wote, geuza upande wa pili, ufanye vivyo hivyo. Halafu 280, halafu 600, na kila jiwe jipya mkono uwe mwepesi zaidi, mpaka mwisho uzito wa jiwe wenyewe ukitosha. Malizia kwa kukivuta kisu kinyumenyume juu ya mkanda mkuukuu wa ngozi, mara kumi hivi kila upande, makali yakifuata nyuma ili yasiikate ngozi. Mkunjo uliosalia utaondoka. Kisu kikiwa kirefu, usikinoe chote kwa kukibana mara moja. Mbali na kibanio pembe hupungua, kwa hiyo sogeza kibanio na kunoa sehemu ya pili.

Najua wako wanaosema, "Fedha ya kuagiza kifaa cha Marekani hatuna." Hawa tusiwaache. Chukua kona ya karatasi, ambayo ni digrii 90. Ikunje mara moja katikati, ni 45. Ikunje tena, ni 22 na nusu, nayo yatosha kabisa kwa kisu cha jikoni. Peleka karatasi hiyo kwa seremala akukatie kabari ya mbao yenye mteremko huo. Iweke kabari mwanzoni mwa jiwe lako la dukani, laza kisu juu ya mteremko wake, kisha ukisogeze jiweni bila kubadili mkono. Baada ya safari chache rudi kwenye kabari upime tena. Au tumia rula: kisu chenye upana wa sentimita 4, ukiinua mgongo wake milimita 14 juu ya jiwe, kimekaa karibu digrii 20. Ukiuinua sentimita 1 tu, ni karibu 15. Kabari haiushiki mkono wakati wote kama ufito unavyofanya, lakini kila mara huurudisha mahali pake, na baada ya miezi kadhaa mkono huanza kurudi wenyewe.

Kwa kujaribu makali, msitumie nywele za mkono kama vijana wanavyopenda kujionyesha. Shikeni kipande cha gazeti hewani na kukikata toka juu. Kisu kizuri hupita bila kukwama. Au leteni ile nyanya. Kisu kiwekwe juu ya ganda bila kusukumwa, kivutwe tu.

Muda wetu unakwisha. Kisu cha mkate chenye meno kisipelekwe kwenye mawe haya ya bapa, maana kitapoteza meno yake. Kina kijiti chake cha mviringo. Na jioni ya leo, kabla ya kula, mwenye nyumba amwulize anayepika ni kisu kipi kinachomchosha zaidi, akianze hicho. Akiisha kukinoa, amwambie kila mtu wa nyumbani kwamba kisu kimenolewa, kwa maana mikono iliyozoea kusukuma kisu butu itasukuma hivyo hivyo kesho asubuhi.