Mnalipwa kwa Fedha ya Nani?



Anayenunua mali ya kidijitali huuliza bei. Wachache huuliza malipo yatakamilishwa kwa fedha ya nani.

Juni 26, 1974, benki ya Herstatt ya Ujerumani ilifungwa ikiwa imekwisha kupokea marka za wenziwe, ilhali dola walizostahili kulipwa New York hazijatoka. Pengo hilo lingalipo. Machi 2023 sarafu ya USDC, iliyoahidi thamani ya dola moja, ilishuka chini ya senti 90 baada ya kubainika kuwa dola bilioni 3.3 za akiba yake zimo katika Silicon Valley Bank, iliyokuwa imeanguka.

Nchini Uswisi, tangu Desemba 2023, benki kuu imekuwa ikijaribu kukamilisha malipo ya hatifungani za kidijitali kwa faranga zake yenyewe: hati na fedha hubadilishana kwa pamoja, ama visibadilishane kabisa. Huduma hiyo ni ya taasisi za fedha. Hakuna wakala anayeiuza kwa simu, hata akijua jina lako.

Mkipewa mkataba, tafuteni mstari unaotaja fedha hiyo na wakati wa malipo. Usipokuwapo, msitie saini.