Breki Inayovuja Isipuuzwe



Mafundi wa jua kali wa Kibera na Kawangware huletewa mara kwa mara motokaa kuukuu ambazo breki zake za ngoma zinavuja. Mwenye motokaa hutaka gharama ndogo, naye ana haki. Lakini kuongeza mafuta ya breki kila asubuhi, au kuziba bomba la gurudumu moja, si kuweka akiba. Motokaa iliyozibwa hivyo huvuta upande mmoja breki zinapokanyagwa, na katika Ngong Road, penye watu wengi waendao kwa miguu, jambo hilo laweza kuua.

Mara nyingi chanzo ni kidogo: raba za silinda ya gurudumu zimechakaa. Fundi aiegemeze motokaa juu ya vigingi imara, avue ngoma, na vumbi alifute kwa kitambaa chenye maji. Asilipulize, kwani ladhuru mapafu. Kisha aifungue silinda. Ikiwa ndani ni laini, raba mpya zatosha, na bei yake ni ndogo kuliko ya silinda nzima. Ikiwa ina kutu na vishimo, silinda ibadilishwe. Raba zisipakwe petroli wala oili ya injini, maana huvimba. Zipakwe mafuta ya breki.

Lainingi zilizolowa zibadilishwe katika magurudumu yote mawili, kulia na kushoto. Mwisho hewa itolewe mabombani, na breki zijaribiwe polepole kabla ya kuingia barabarani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.