Kuingia chuo na kumaliza

Tangu 2005 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imewafungulia mlango wa chuo kikuu watoto wengi wa wakulima na wamachinga wa Tanzania. Lakini kuingia ni jambo moja, kumaliza ni jingine. Mtoto wa mhadhiri akipata sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, hupiga simu nyumbani na kuelekezwa: nenda kwa mshauri wako, andika barua, usijifiche. Mtoto wa mkulima naye hupiga simu. Mama humjibu, "Komaa mwanangu, tunakuombea." Si kwamba hajali, hajui tu chuo kinavyoendeshwa. Na bumu (fedha ya mkopo ya kujikimu) likitoka, sehemu yake hurudi kijijini kulipia daftari na sare za wadogo zake. Vyuo viwapangie wanafunzi hawa walezi tangu wiki ya kwanza, si wakishadisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli.