Mtoto Wetu Anasoma Nini Katika Kalasi ya Kwanza?

(Maneno yaliyosemwa na karani mmoja wa mgodi mbele ya wazazi, Kolwezi, siku ya Jumapili)



Nawashukuru kwa kuacha mapumziko yenu, hasa ninyi mliotoka zamu ya usiku na macho bado yana usingizi. Mimi si mwalimu. Mimi ni karani. Kazi yangu ni majina, saa za kazi na makilo. Lakini kila mwisho wa mwezi naona jambo moja mbele ya meza yangu, na jambo lile ndilo limenileta hapa. Mtu mzima, mwenye nguvu, baba wa watoto, anapokea karatasi ya mshahara wake, anaigeuza huku na huku, halafu ananiuliza kwa sauti ndogo: «Karani, imeandikwa nini?» Wengine wao walikwenda masomo miaka mitatu, hata mine. Walikaa juu ya benchi kama wenzao. Kusoma hakukuingia.

Nikajiuliza: kulipotea wapi? Basi nikaanza kutazama watoto wadogo wa kalasi ya kwanza na ya pili.

Jirani yangu ni shofere. Binti yake ana miaka saba, na mwaka wa kwanza wa masomo ulikuwa karibu kwisha. Siku moja baba akamwita: «Njoo usomee mzee karani.» Mtoto akafungua daftari, akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Baba alifurahi sana, na mimi pia. Kisha niliona macho ya mtoto hayako juu ya karatasi, yako kwangu. Nikafunika ukurasa kwa mkono wangu. Akaendelea kusoma! Alifika mpaka mwisho, na mkono wangu ungali pale.

Nikaandika neno moja jipya, «mama», nikaandika na «meza». Hakuweza hata moja. Maneno yale ya daftari alikuwa ameyashika kwa sikio, kama tunavyoshika wimbo. Mkono wake ulinakili ubao vizuri, herufi zote nzuri, na ndani ya zile herufi hakukuwa na kitu. Baba yake akanyamaza. Mtoto hakuwa na kosa, nawaambieni. Aliombwa kurudia, akarudia.

Sasa, kazi ya kalasi ya kwanza ni nini hasa? Ni kufunga ndoa kati ya sauti na alama. Mtoto ajue kwamba alama hii ni «m», hii ni «a», na zikikaa pamoja kinywa kinasema «ma». Akishika ma, me, mi, mo, mu, halafu ba, be, bi, bo, bu, amepata ufunguo: maneno ambayo hajafundishwa ataweza kuyafungua mwenyewe. Hapo ndipo kusoma kunaanza. Kabla ya hapo ni kukariri tu.

Na Kiswahili chetu kina bahati kubwa kwa kazi hii. Kina vokali tano, na karibu kila herufi husema sauti ile ile siku zote. Chukueni neno la Kifaransa «oiseau», ndege. Herufi sita, na sikilizeni: wa-zo. Hata herufi moja haisemi sauti yake ya kawaida. Mtoto wa miaka sita ambaye nyumbani hasikii Kifaransa anapewa mizigo miwili mara moja: kujifunza kusoma, na kujifunza lugha ngeni. Mzigo mmoja utaanguka, na mara nyingi ni ule wa kusoma.

Najua mzee mmoja pale nyuma anatikisa kichwa. Anasema: «Karani huyu alipata kazi kwa Kifaransa, sasa anataka watoto wetu wabaki na Kiswahili.» Baba, shaka yako ina haki, na ina historia. Union Minière, kampani iliyoanzishwa mwaka 1906, ilipoanza mwisho wa miaka ya 1920 kutaka wafanyakazi wakae kambini pamoja na wake na watoto, masomo ya kambi yaliwekwa mikononi mwa wamisionari, na mafundisho ya kwanza yalitolewa kwa Kiswahili. Wazee wetu waliona wazi kwamba Kifaransa ndicho mlango wa meza ya ukarani, na kwamba mlango ule ulifunguliwa kidogo sana. Wakasema: wanatupa Kiswahili ili tubaki na jembe na beleshi. Hawakukosea. Ndiyo maana baada ya uhuru, mwaka 1962, Kifaransa kilipowekwa tangu kalasi ya kwanza, watu wengi waliona ni ushindi.

Lakini ubaya wa wakati ule ulikuwa kumsimamisha mtoto njiani, siyo kumwanzishia kwa lugha ya mama yake. Mimi nataka Kifaransa kwa watoto wangu, tena Kifaransa kizuri. Nataka wakifikie wakiwa wanajua kusoma tayari. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 1914, samahani, 2014 (mnaona, hata karani hukosea tarehe), inaruhusu lugha za taifa au lugha za mahali zitumike kufundishia. Kwa hiyo mwalimu anayefafanua kwa Kiswahili katika kalasi ya kwanza haibi kitu kwa mtoto wako. Msiende kumshitaki kwa mkubwa wa masomo, kama wazazi wengine walivyofanya.

Kuna tatizo lingine, na hili ni letu sisi wenyewe wa Katanga. Kiswahili cha kitabu si kile cha jikoni kwetu. Mtoto nyumbani anasema «mutoto», «batoto», «mayi». Kitabu kinasema mtoto, watoto, maji. Nimesikia mwalimu akimpiga mtoto vidole kwa sababu aliandika «mayi». Wandugu, mtoto yule alikuwa amefaulu! Alisikia sauti, akaipatia alama zake sawasawa. Alibakiza kuonyeshwa tu kwamba vitabu huandika kwa namna nyingine. Ukimpiga pale, unampiga kwa kosa la kuelewa.

Hesabu nitasema kidogo. Watoto wetu wanajua faranga kabla ya kujua herufi, na sokoni wanahesabu kwa Kifaransa mpaka septante na nonante bila shida. Vizuri. Lakini kutaja namba si kuijua. Mwalimu mwema humpa mtoto vijiti kumi, wanavifunga kwa kamba, wanaweka kimoja pembeni: kumi na moja. Kiswahili chenyewe kinaonyesha: kumi pale, moja hapa. «Onze» inaificha ile kumi. (Kusema kweli «ishirini» nayo inaficha, kwa kuwa ilitoka kwa Waarabu.) Mtoto asiyeona lile fungu la kumi atapata taabu kila hesabu inayofuata. Na ninyi mnaouza mawe kwenye depo mnajua: unaonyeshwa namba mbili, uzito na kiasi cha kobalti au shaba iliyomo, na bei inatoka katika hizo mbili. Asiyejua kuzisoma hupokea anachopewa.

Walimu nao wana mzigo. Katiba ya 2006 inasema masomo ya msingi ya serkali ni ya bure, na tangu Septemba 2019 serkali ilianza kulitekeleza neno hilo. Watoto wengi waliingia, jambo la furaha, na kalasi zikajaa. Katika kalasi moja nilihesabu watoto tisini na wawili, wanne juu ya benchi ya wawili. Mwalimu hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma. Ni nani basi atamsikiliza?

Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto kama 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini ya Kongo. Umaskini ndio uliowapeleka, sitaki kuwadanganya. Lakini mtoto anayekaa mwaka mzima bila kuelewa lolote, hahitaji kusukumwa sana ili aache benchi aende kuosha mawe mtoni.

Kwa hiyo leo jioni fanyeni hivi, hata wewe mama usiyejua herufi. Mwambie mtoto asome huku akiweka kidole chini ya kila neno. Msimamishe katikati, uulize: kidole kiko juu ya neno gani? Funika ukurasa. Akiendelea, umejua. Kisha muulize habari ile inasema nini, ajibu kwa maneno ya nyumbani. Usimpige, usimcheke.

Jumapili ijayo, saa nane, nitakuwa hapa hapa, na mwalimu mmoja wa kalasi ya pili amekubali kuja nami. Leteni madaftari, na leteni watoto wenyewe.