VITI VYA GARI NA MAUMIVU YA MWILI
Mazungumzo ya ofisi ya maendeleo ya jamii na vikundi vya kujisaidia vya wauzaji maembe na mboga, Makueni



Leo hatutazungumza juu ya mikopo wala vitabu vya hesabu. Tulipopitia daftari za mahudhurio za vikundi vyetu tuliona jambo moja. Msimu wa maembe ukianza, tangu Desemba hadi Machi, wanachama wengi hukosa mkutano unaofuata siku ya soko, na sababu inayoandikwa ni ile ile: mgongo. Si malaria, si mazishi, ni mgongo. Tukawauliza kina mama wenyewe. Wakatuambia si kulima kunakowaumiza zaidi, ni safari ya usiku kwenda Kongowea au masoko ya Nairobi, na kiti walichokalia.

Wengine watasema kiti ni jambo dogo. Mama mmoja wa kikundi chetu alikuwa akinunua vidonge vya maumivu dukani kila siku ya soko, vya kwenda na vya kurudi, na kila mara alimeza tumbo likiwa tupu. Hakuambia mtu. Mwisho alitapika damu akalazwa, na kikundi kikachanga pesa za hospitali ambazo zilikuwa za mbegu. Kwa hivyo kiti kile kilikula mbegu za watu wote.

Kwanza tuelewe kinachotokea. Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na katikati ya pingili na pingili kuna kitu kama mto mdogo. Mito hiyo ndiyo inayobeba mtikisiko. Mtu akiketi ameinama mbele, kama tunavyoketi kwenye kiti kilichobonyea, mito hiyo hubanwa upande mmoja, na nyama za kiuno hukaza kazi bila kupumzika. Mwili umeumbwa kusogea. Ukifungwa mahali pamoja saa tano, hata kiti kizuri kitaumiza. Je, kile kibaya?

Halafu kuna mtikisiko wenyewe. Barabara ya mawe hutikisa gari, gari hutikisa kiti, kiti hutikisa mgongo. Wataalamu wa afya ya wafanyakazi wanajua tangu zamani kwamba madereva wa malori na trekta huumwa na kiuno kuliko watu wengi wa kazi nyingine. Huko Ulaya, mwaka 2002, walitunga sheria ya kupima mtikisiko unaompata mfanyakazi na kuuwekea kipimo usichoweza kupita. Hapa kwetu kipimo ni mgongo wenyewe.

Sasa tuangalie viti vyetu. Matatu nyingi ndogo tunazopanda zilitengenezwa kwanza kuwa gari za mizigo. Viti viliwekwa baadaye na mafundi wetu wa jua kali: chuma cha mraba, ubao, sponji juu, na ngozi ya plastiki. Fundi akiwa mwaminifu, kiti hicho ni kizuri. Lakini sponji nyepesi hufa upesi. Jaribuni hivi: bonyeza kiti kwa ngumi. Ukigusa ubao au chuma, sponji hiyo imekufa, na umelipa nauli ya kuketi juu ya chuma.

Tena kuna ule ubao wa katikati ya viti, ambao makanga huuita sambaza. Mnacheka kwa sababu mnaujua. Kanuni zilizotangazwa mwaka 2003 na aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zikaanza kutekelezwa Februari 2004, ziliamuru kila abiria awe na kiti chake na mkanda wake. Ubao hauna mkanda, hauna mahali pa kuegemea, na anayeukalia hushikilia mwili wake kwa nyama za kiuno njia nzima. Mama mjamzito asiukalie hata kwa safari fupi. Na ninyi vijana, mkimwona mama mjamzito au mzee ameelekezwa huko, simameni mumpe kiti. Hapo hakuna haja ya semina.

Mtatuuliza: makanga akikataa tufanye nini? Mtu mmoja akibishana na makanga saa tisa usiku ataachwa njiani. Lakini kikundi cha watu kumi na wawili wanaosafiri kila wiki ni mteja mkubwa. Matatu ni lazima ziwe chini ya Sacco au kampuni, nazo zina ofisi na viongozi. Mwenyekiti na katibu waende mchana, kwa upole, waseme: tutawapa abiria kila wiki ya msimu, tunataka viti vya katikati ya gari, hatutaki ubao, na viti hivi vitatu vimebonyea. Mfanyabiashara husikia lugha hiyo.

Kwa nini viti vya katikati? Kwa sababu gari hurukaruka zaidi nyuma ya magurudumu ya nyuma. Anayeketi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma hupata mtikisiko mdogo. Kile kiti cha mwisho waachieni vijana wenye migongo mipya.

Mkiisha kuketi, fanyeni hivi. Sukuma makalio hadi mwisho wa kiti, usiketi ukingoni. Chukua leso, ikunje iwe mviringo wenye unene wa kiganja, uiweke nyuma ya kiuno, pale mgongo unapoingia ndani. Leso hiyo ni dawa kuliko vidonge vingi. Kama kiti kimebonyea katikati, kunja gunia safi au blanketi uweke chini mpaka kilingane. Kina mama wafupi, miguu isining'inie, kwa sababu ukingo wa kiti hukata damu chini ya paja na miguu huingia ganzi. Weka kiondo au kifurushi kigumu sakafuni ukanyage juu yake. Wanaume, toeni pochi na simu mfuko wa nyuma. Mtu anayekalia pochi upande mmoja toka Wote hadi Mombasa amepinda nyonga usiku kucha, na kesho yake anasema amerogwa.

Usiketi vile vile njia nzima. Kila baada ya muda kidogo sogeza uzito, zungusha mabega, inua visigino kisha vidole vya miguu. Gari likisimama, shukeni, hata kama hununui chai. Tena kunyweni maji. Tunajua kina mama wengi hawanywi tangu jioni kwa kuogopa kukosa choo. Lakini kiu na kuzuia mkojo huleta ugonjwa wake, na wakati mwingine yale maumivu ya ubavuni pamoja na homa ambayo mtu anayaita ya kiti ni ya figo. Afadhali kikundi kipatane na dereva mapema kuhusu mahali pa kusimama penye choo. Safari inayopita saa nne bila kusogea inaweza pia kufanya damu igande mguuni, hasa kwa mama aliyejifungua karibuni. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kuuma, au pumzi ikakata, usiukande. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna kosa linalofanyika mwisho wa safari. Gari linafika alfajiri, wachukuzi ni ghali, na mama aliyekunjwa usiku kucha anaruka chini na kuinua kreti ya maembe papo hapo. Mgongo bado haujaamka. Tembeeni kwanza dakika kumi. Simama wima, weka mikono kiunoni, jinyoshe nyuma polepole mara tano au zaidi. Ndipo muinue mzigo, wawili wawili, magoti yakiwa yamekunjwa na mzigo ukiwa karibu na kifua. Maembe hayataoza kwa dakika kumi.

Tuseme kidogo juu ya bodaboda, kwa sababu ndiyo inayowatoa shambani hadi barabarani. Kuketi upande na kuubeba mzigo mapajani huzungusha kiuno wakati wote pikipiki inaporuka. Ketini mkiwa mmetanua miguu, vaeni suruali chini ya leso kama ni lazima, na mzigo ufungwe penyewe.

Madereva wetu wako hapa, na hawa ndio wanaoumia zaidi. Ndugu zetu, sogezeni kiti mpaka goti likunjike kidogo mnapokanyaga klachi hadi mwisho. Ukiegemea, mabega yote mawili yaguse kiti, na mkono ukiunyosha kifundo kifike juu ya usukani. Kiegemeo kilale nyuma kidogo tu, si kama kitanda. Angalieni pia zile shokapu na springi, na msijaze magurudumu upepo kupita kiasi, kwa sababu gurudumu gumu halimezi jiwe hata moja. Sheria inasema dereva wa gari la abiria au la biashara asipite saa nane za kuendesha katika saa ishirini na nne. Mwenye gari anayekulazimisha kupita hapo anakopa kwenye mgongo wako, na hatakulipa.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo lilileta maneno makali katika kikundi kimoja, na tunaomba mtuvumilie. Kikundi hicho kina pikapu yake, ilinunuliwa kwa michango ya miaka. Katika mkutano walibishana: pesa za faida zitengeneze kiti cha mbele, au ziongeze vyuma vya pembeni ili kreti zaidi zipandwe? Walioshinda walisema kreti. Na kina mama wakaendelea kupanda nyuma, juu ya mzigo. Tulienda kuona pikapu hiyo. Kila kreti ilikuwa imetandikwa nyasi kavu chini ili embe lisichubuke. Embe limetandikiwa, mama ameketi kwenye chuma! Tunasema wazi kwamba hapo kikundi kimekosea hesabu. Nyuma ya pikapu si mahali pa mtu, gari likipinduka hakuna wa kumshika. Wanaosindikiza mzigo wawe wale tu wanaotosha ndani kwa dereva, wakiwa na mikanda, na wengine wapande matatu. Na kile kiti cha mbele kitengenezwe.

Matengenezo si ya kutisha. Fundi wa viti huondoa ngozi, huangalia kama chuma kimekatika, hubadilisha ubao uliooza, kisha huweka sponji. Mwambieni mnataka ile nzito, isiyozama mpaka chini, na nyembamba laini juu yake. Msikubali sponji kuukuu iliyogeuzwa. Awepo mwanachama mmoja wakati wa kushona, kwa sababu kilichofunikwa hakionekani. Na mweka hazina aandike upande mmoja bei ya fundi, upande wa pili pesa ambazo wanachama walitumia msimu uliopita kwa vidonge, sindano na vibarua wa kuwafanyia kazi wakiwa wamelala. Msituamini sisi, someni daftari lenu.

Kwa wale ambao tayari wanaumwa: usilale kitandani wiki nzima. Zamani watu waliambiwa walale, lakini sasa imejulikana kwamba kutembea polepole na kufanya kazi nyepesi huponya upesi zaidi. Kitambaa cha maji ya moto, yasiyounguza, kwa dakika kumi na tano husaidia. Lala chali, vuta goti moja kifuani, kisha lingine. Kukandwa taratibu ni sawa, lakini mtu asikanyage mgongo wako, wala usichanjwe wembe. Vidonge vikali na sindano za maumivu visinunuliwe bila kuulizwa kama una vidonda vya tumbo, shinikizo la damu, ugonjwa wa figo au mimba. Maumivu mengi ya namna hii hupungua katika wiki chache.

Yapo yasiyotoka kwenye kiti. Mguu ukilegea, ganzi ikiingia sehemu za siri, au mkojo na choo vikishindwa kuzuilika, hiyo ni dharura, msingoje asubuhi. Mgongo ukiuma hata usiku umelala, pamoja na homa, jasho na kukonda, huenda ni kifua kikuu cha mifupa. Kinatibika, na dawa zake hutolewa bure katika hospitali za serikali. Na homa ya kuja na kwenda pamoja na maumivu ya viungo, kwa wanaokunywa maziwa mabichi, inaweza kuwa brusela. Mwambieni mhudumu wa afya wa kijiji chenu mapema.

Mama mmoja alituuliza kama kikundi kinaweza kushona mito ya safari. Kinaweza. Sufi hubonyea upesi, kwa hivyo tafuteni mabaki ya sponji nzito kwa mafundi wa viti, mkate unene zaidi upande wa nyuma na mwembamba mbele, mfunike kwa kitambaa cha pamba kinachofulika, na mshone mpini wa kubebea. Muutumie wenyewe mwezi mzima kabla ya kuuza hata mmoja.

Mkutano ujao kila kikundi kije na mto mmoja wa mfano. Kikundi chenye pikapu kije nayo yenyewe, mafuta ya safari tumeyapangia. Tutamwomba fundi wa viti awe hapa saa nne asubuhi, na wajumbe wawili wa kila kikundi waje na futi ya kupimia.