Kuvuja Mkojo: Tuulize Kabla ya Kuhukumu
(Mazungumzo na kamati za usharika na marafiki wa miradi, Mtwara)

Mkoa wetu una makungwi wasioona haya kufundisha mambo ya mwili, lakini kuna jambo moja linalosemwa kwa kunong'ona tu: kushindwa kuzuia mkojo.

Katika vijiji vya pwani, kuanzia Msimbati hadi mdomo wa Mto Ruvuma, mama anayenuka mkojo hukaa mwisho wa mkeka, au haji kabisa. Wengine husema amerogwa, wengine kwamba alitoka nje ya ndoa. Yote mawili si kweli, na yote mawili humchelewesha kupata tiba.

Kuvuja hakufanani. Aliyezaa mara nyingi aweza kutokwa na matone akikohoa, akicheka au akiinua ndoo, kwa kuwa misuli ya nyonga imelegea. Mwingine hubanwa ghafla asifike chooni. Huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo hutibiwa kwa dawa. Kisukari cha muda mrefu nacho huharibu mishipa ya fahamu ya kibofu. Na akina baba msicheke: tezi dume ikikua huziba njia, kibofu kikajaa na kumwagika kidogo kidogo.

Misuli iliyolegea ina zoezi lisilo na gharama: kuibana kama unayezuia mkojo, kuilegeza, kurudia mara 8 au zaidi, mara 3 kwa siku, kwa miezi 3. Kuacha kunywa maji si dawa. Mkojo mzito hunuka zaidi na huchoma ngozi.

Lakini fistula haiponi kwa zoezi. Katika uchungu pingamizi, kichwa cha mtoto hukwama muda mrefu, pengine siku mbili, kikizibana nyama zilizo kati ya uke na kibofu hadi zikakosa damu na kufa. Baada ya siku chache linabaki tundu. Mara nyingi mtoto naye amefariki, hivyo mama hurudi nyumbani na misiba miwili. Tundu laweza pia kutokana na jeraha wakati wa upasuaji.

Kwa hiyo tunaomba kila kamati ijifunze swali hili: "Je, mama, unalowa hata ukiwa umelala, na ilianza baada ya kujifungua au upasuaji?" Akisema ndiyo, apelekwe hospitali bila kungoja. Tundu dogo likiwahiwa katika wiki za mwanzo, mpira wa mkojo ukikaa wiki kadhaa, laweza kujifunga lenyewe. Hata lililokaa miaka mingi, mara nyingi hufungwa kwa upasuaji.

Marafiki wafadhili hutuuliza kama huu ni ugonjwa wa Afrika. Mwaka 1855 ilifunguliwa hospitali ya wanawake New York, na fistula ilikuwa kazi yake kubwa. Kule tatizo hili lilipungua kadiri uzazi ulivyokuwa salama. Mila zao hazihusiki.

Sasa safari. CCBRT ya Dar es Salaam hutibu fistula bila malipo, na mwaka 2009 ilianza kutuma nauli kwa M-Pesa kupitia mabalozi wanaowatambua wagonjwa. Kutoka Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, na anayetoka delta huanza kwa mtumbwi na pikipiki kabla hajaliona basi. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilikatika Somanga. Halafu kuna yasiyolipiwa na nauli: nani atabaki na watoto, nani ataokota korosho? Hapo ndipo fungu la diakonia la usharika linahitajika, na lisiulize kama mama ni Mkristo au Mwislamu.

Tafadhali, jina lake lisitangazwe kanisani, hata kwa nia ya kumwombea. Lijulikane kwa mama mmoja mwaminifu na mhudumu wa afya.

Akirudi, asibebe ndoo wala kuni hadi daktari amruhusu, na mume aambiwe mapema kwamba watalala mbalimbali kwa miezi kadhaa. Akipata mimba tena, atajifungulia hospitali, kwa kawaida kwa upasuaji. Fedha za mtumbwi na pikipiki ziwekwe kwa mhazini kabla ya mwezi wa nane, mama ahamie karibu na hospitali uchungu haujaanza.